Bomba na minara juu ya maji ya samaki: anza na uchafu, mimea itafuata

Kila asubuhi, kabla sijawalisha samaki, nanyanyua kikombe kimoja chenye mmea kutoka kwenye bomba ninalopitishia maji ya samaki, naitazama mizizi yake. Ikiwa myeupe, naendelea na shughuli zangu. Ikiwa ya kahawia na inateleza kama kamasi, najua maji yanafika kwenye mimea yakiwa na kinyesi, na hakuna mbegu bora wala mbolea itakayoniokoa.

Nasisitiza hili kwa sababu wengi huanza kwa kutoboa bomba. Mimi pia nilianza hivyo, nikapoteza upanzi mzima wa kwanza. Anayelima akwaponiki, yaani mimea inayolishwa na maji ya samaki bila udongo, kwenye tuta la kokoto hupata msaada mkubwa bila kujua: kokoto zinashika uchafu, na juu yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo mmea unaila. Bomba ni laini ndani. Halichuji kitu, na nafasi ya bakteria kujishikiza ni ndogo. Kazi hizo mbili lazima ufanyie mahali pengine.

Kwangu zinafanywa na mapipa mawili ya lita 60. Tangi la samaki lina lita 500, na maji hutoka yenyewe kupitia tundu la juu, yakaingia pipa la kwanza kwa ubavu ili yazunguke polepole na tope lizame. Chini kuna koki. Naifungua kila baada ya siku 2 kulitoa tope hilo. Pipa la pili lina wavu wa plastiki uliokunjwakunjwa juu, na kokoto chini kwa ajili ya bakteria. Baada ya hapo maji huanguka kwenye beseni kubwa, na humo ndimo inamokaa pampu inayoyapandisha kwenye mimea.

Pampu isikae ndani ya tangi la samaki. Mwaka wangu wa pili niliiweka humo, na ndani ya bomba nilikuwa nimepanda nanaa. Mizizi yake ilisokotana hadi ikaziba bomba usiku, maji yakafurika kupitia matundu, na pampu ikaendelea kuyavuta. Asubuhi niliwakuta samaki wamelala ubavu kwenye maji ya kina cha kiganja. Nusu yao walikufa. Leo bomba likiziba, beseni ndilo litakalokauka. Tangi haliwezi kushuka chini ya tundu lake la kutokea. Na nanaa siipandi tena kwenye bomba, wala nyanya.

Sasa bomba lenyewe. Natumia la PVC la maji safi, jipya, la kipenyo cha milimita 110. La nyembamba zaidi hujaa mizizi haraka. Nina manne ya mita 2, kila moja na matundu 9 ya milimita 50 yaliyoachana sentimita 20, kwa hiyo mimea 36. Mteremko ni sentimita 1 kwa kila mita. Hakikisha kwa pimamaji, maana bomba likibonyea katikati maji yatatuama hapo. Kila bomba lipate lita 1 hadi 2 kwa dakika. Kupima ni rahisi: kinga jagi la lita 1 chini ya mrija. Likijaa kati ya sekunde 30 na 60, sawa.

Kuna jambo dogo linaloua miche mingi siku za mwanzo. Kikombe chenye matundu kikining'inia juu ya bomba la milimita 110, kitako chake hakifikii maji yanayopita chini, na mizizi ya mche bado ni mifupi. Mimi nachomeka utambi wa kitambaa cha nailoni kupitia kitako, uguse sakafu ya bomba. Pia tundu la kutokea kwenye kifuniko cha mwisho nimelipandisha sentimita 2, ili maji kidogo yabaki upande wa chini. Hasara yake ni kwamba uchafu mwembamba hutua hapo, hivyo kila mwezi nafungua kifuniko na kusuuza. Naona inafaa.

Minara niliiongeza kwa sababu ya samaki, wala si kwa uhaba wa nafasi. Perege wangu 20 walipofika gramu 250 hivi kila mmoja, walikuwa wanakula gramu 100 za chakula kwa siku. Kwa mboga za majani, hesabu ninayofuata ni gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mimea, na mita hiyo inabeba mimea 20 hadi 25. Mimea 36 isingeweza kumaliza nitrati ile. Minara miwili, kila mmoja na mifuko 12, yaani midomo ya kupandia, ikanifikisha mimea 60.

Mnara ni bomba lilelile limesimamishwa, urefu mita 1.5. Kata mstari wa kulala wa sentimita 8 kwa msumeno, pasha moto kwa mashine ya hewa moto hadi plastiki ilegee, kisha sukuma shingo ya chupa ya kioo kwa mshazari mpaka mdomo ufunguke. Poza kwa kitambaa chenye maji. Fanya nje penye upepo na usitumie moto wa wazi, kwani PVC ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Mifuko ipishane, isikae juu ya mwenzake. Kila mmoja nautia kipande cha sifongo kinachogusa ukuta wa ndani, maana maji hushuka yakiambaa ukutani.

Pampu ndiyo hukosewa hapa. Lita zilizoandikwa juu yake ni za maji yasiyopandishwa popote. Kadiri unavyoyapandisha, ndivyo yanavyopungua. Mimi nahitaji lita 10 kwa dakika zikiwa zimepanda mita 2, kwa hiyo nilichagua pampu yenye uwezo wa kupandisha mita 4. Mnara uzungushe robo kila siku, la sivyo upande wa kivuli utadumaa. Saladi na mrehani hustawi humo. Mimea mizito huing'oa sifongo.

Usipande siku ya kwanza. Bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, naishikilia kati ya 6.5 na 7. Baadaye majani machanga yakigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, huo ni upungufu wa madini ya chuma, kwa kuwa chakula cha samaki kina chuma kidogo. Ongeza chuma cha kileti, yaani kilichotengenezwa kibaki kimeyeyuka ili mmea ukinyonye. Dawa za wadudu weka mbali kabisa. Zitarudi kwa samaki.

Umeme ukikatika, samaki kwanza: washa pampu ya hewa ya betri. Kisha nenda kwenye minara, kwa sababu hukauka kabla ya bomba. Jagi moja la maji juu ya kila mnara, kila saa, mpaka umeme urudi.