Mkeka mmoja, nyumba nyingi: kufuma pamoja kwa mapande ya vikwembe na sashe

Kazi hii haianzi kwenye fremu. Inaanza kwa kukusanya, na hapa Bukavu tengeni majuma mawili, kwa maana mkeka wenye upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 1 hula takriban mita 90 za utepe. Mafundi wa kushona wa soko la Kadutu hubaki na mapande ya vikwembe, yaani vitenge, na anayewahi jioni kabla hayajafagiliwa huenda akapewa bure. Sashe, yaani mifuko ya plastiki, ambazo zikiachwa mferejini husombwa na mvua hadi Ziwa Kivu na kwenda kuziba bwawa la umeme la Ruzizi, zioshwe kwa sabuni na kuanikwa. Yakibaki mawese ndani yake, panya watautambua mkeka wenu kabla ya wageni.

Sashe hukatwa mishikio na kitako, hukunjwa, kisha hukatwa vitanzi vya sentimita 3 ambavyo hupitishwa kimoja ndani ya kingine na kuvutwa taratibu. Sashe yenye upana wa sentimita 30 na urefu wa 40 hutoa vitanzi 13, yaani utepe wa mita 3 na kidogo. Kuunganisha vitanzi ni kazi inayowafaa watoto. Mkasi ubaki kwa wakubwa. Nyumba zote zitumie kipimo kimoja, kwani utepe usiolingana hupindisha mkeka kuliko mikono isiyo na ujuzi.

Fremu ni mbao nne tu, na misumari 41 juu na 41 chini, kila mmoja umbali wa sentimita 2. Mtande, yaani nyuzi za wima zinazopita kati ya misumari ya juu na ya chini, uwe kamba ya nailoni, ikazwe mpaka ilie ikiguswa kwa kidole.

Mshindio, yaani utepe unaokingama, hupita juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya unaofuata, na mstari wa pili hugeuza mpangilio huo. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuuvuta: kingo huingia ndani, na sentimita 80 huwa 60 bila mtu kutambua. Ulazeni kwanza kama mgongo wa kilima, ndipo mushindilie kwa uma.

Watu wa nyumba mbili wakikaa bega kwa bega, kila mmoja na rangi yake, wachague uzi mmoja wa mtande uwe mpaka, na mishindio yote miwili iuzunguke huo huo kwa zamu kabla ya kurudi. Kila mmoja akigeukia uzi wake, utabaki mwanya wa kupitisha kidole. Tena, asifumue mtu kazi ya mwenzake asipokuwepo, hata kama imepinda. Mimi naona kanuni hii ni muhimu kuliko uzuri wa rangi.

Mwishoni fungeni ncha za mtande mbili mbili. Mkeka wa sashe utandikwe ndani ya nyumba, kwa sababu jua hukausha plastiki hadi ikatike.