Somo: Kuotesha pulsatila kwa mbegu

Pulsatila (Pulsatilla vulgaris) ni ua la porini linaloishi miaka mingi, asili yake nyanda kavu za majani na miteremko ya mawe ya chokaa huko Ulaya. Huchanua mapema, karibu na Pasaka: petali za zambarau, kiini cha manjano, manyoya laini hadi kwenye majani. Wengi huliua kwa kulidekeza.

1. Mbegu. Hapa ndipo penye kazi. Mbegu iliyokomaa ina mkia mrefu wa manyoya na huachia kwa kuvutwa kidogo tu. Ipande mara moja. Mbegu mpya huota ndani ya wiki chache. Iliyokaa kabatini husuasua, na mara nyingi hungoja kwanza ipitiwe na baridi. Mkia uache: ukilowa na kukauka hujisokota, ukaisukuma mbegu udongoni.

2. Nusu udongo, nusu kokoto ndogo. Samadi weka kando.

3. Tumia chungu kirefu, maana mzizi mkuu hushuka sana. Hamisha mche ukiwa mdogo. Ukishakomaa usiuguse tena.

4. Jua la kutosha, kisha subira. Maua ni mwaka wa pili au wa tatu.

Vaa glavu. Utomvu mbichi huwasha ngozi, na mmea ukiliwa ni sumu.

MASWALI

– Mkuu, baridi imeingia na majani yote yamekauka. Umekufa?
Hapana, umelala. Usimwagilie. Kinachouua ni udongo uliotota wakati huu kuliko hata barafu.

– Naweza kuugawa shina?
Usijaribu, mara nyingi hufa. Kata vipande vya mizizi wakati umelala, uvipande.

– Kwetu ni joto mwaka mzima, utachanua?
Sikushauri, ndugu. Huu ni mmea wa nchi zenye majira ya baridi.

– Nimeuona porini, nichimbe mmoja tu?
Hata huo mmoja, acha. Ujerumani unalindwa kisheria, na Uingereza umebaki sehemu chache baada ya malisho mengi ya kale kulimwa. Tena huo mzizi mrefu utaukata tu, ufike nyumbani na kijiti kinachonyauka. Omba mbegu kwa mwenye bustani.