Umemaliza digrii ya uhandisi? Nunua daftari
Mdogo wangu, digrii ya ujenzi peke yake haikufanyi mhandisi kisheria hapa Tanzania. Jisajili kwanza Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, halafu tafuta mhandisi mtaalamu akusimamie kazini, kwa kawaida miaka 3. Kila jioni andika kwenye daftari ulichofanya saiti: nondo ulizokagua, zege lilimwagwa wapi, kyubu za sentimita 15, yaani vipande vya zege vya kupimia nguvu, zilizopondwa siku ya 7 na ya 28 zilitoa nguvu gani. Mimi nilifanya uvivu, nikajaza miezi 4 kwa kubahatisha. Msimamizi akakataa kusaini. Alikuwa na haki. Kaa na mafundi pia, kokoto chafu wanaitambua kwa macho tu. Ripoti ya kazi hizo ikikamilika, omba usajili wa mhandisi mtaalamu.