Mtoto kaanza kuruka bebi koti? Mhamishie kitandani hivi

Mimi ni fundi seremala, vitanda ndo kazi yangu hapa Keko, na nyumbani nina watoto watatu ambao wote walianzia kwenye bebi koti, kile kitanda cha kichanga chenye mbao za kumzuia pande zote, niliyoiranda mwenyewe, kwa hiyo hiki ninachoandika nimekifanya mara tatu na ile ya kwanza nilikosea karibu kila kitu. Wateja wanakuja wananiuliza bei na rangi, sijawahi kuulizwa mtoto akishaweza kushuka mwenyewe saa nane usiku atakutana na nini huko chini. Kazi iko hapo, kitanda chenyewe ni mbao tu.

Hatua ya 1: pima, usihesabu miezi

Wengi wanahama kati ya mwaka na nusu na miaka mitatu na nusu, sasa ona hapo katikati palivyo papana, umri peke yake haukwambii kitu. Kwanza shusha godoro la koti mpaka mwisho kama lako linashuka, halafu msimamishe mtoto ndani. Ukingo wa juu ukiwa chini ya chuchu zake, au kama kafika sentimita 90 hivi, koti imeisha kazi. Akiruka hata mara moja pia imeisha, huyu wangu wa pili nilisikia puu! saa tisa usiku nikamkuta kakaa sakafuni anashangaa tu, nikasema nitatengeneza wikiendi, kesho yake akaruka tena akachanika mdomo. Kama haruki na bado anaenea muache alale zake. Mama akiwa mjamzito usingoje kichanga kifike ndo umtoe mkubwa, atajua kafukuzwa, mhamishe miezi miwili mitatu kabla.

Hatua ya 2: kitanda

Futi 2.5 kwa 6 inatosha, atakitumia mpaka sekondari. Mwambie fundi akate matendegu mafupi, juu ya godoro pasizidi goti lako. Hapa ndo nagombana na wateja, wanataka kirefu ili waweke mabegi uvunguni, sawa, lakini anayeanguka sio begi. Kama hela haijakaa vizuri anza na godoro chini, ila mchana lisimamishe ukutani lipate hewa maana sakafu zetu zina unyevu.

Ukitaka kizuizi cha pembeni kiwe kimekaza na kimebana godoro. Uwazi kati ya godoro na kizuizi, au godoro na ukuta, ni hatari kuliko kuanguka kwenyewe kwa sababu mtoto anazama pale katikati anabanwa. Nafasi za mbao zisizidi sentimita 6, chukua soda ya kopo jaribu kuipitisha, ikipita rudisha kwa fundi. Halafu pitisha kanga juu ya mbao zote, uvunguni na kwenye kona, ikinasa mahali popote hapo msasa haujapita na ndo mahali mtoto atachomwa kijiti. Kitanda kikinuka vanishi kiache barazani kwanza. Dabo deka juu ni kwa wenye miaka 6 na kuendelea, usinibishie.

Hatua ya 3: chumba, na hii usiiruke

Piga magoti, zunguka nyumba kwa urefu wake. Mimi nilivyofanya hivyo nikaona ndoo ya maji ya akiba imejaa pale korido, haina mfuniko, na mtoto anaweza kuzama kwenye maji kidogo sana. Ndoo zote zikafunikwa, bafu likawekewa komeo juu. Kabati la nguo lifungwe ukutani kwa skrubu maana watoto wanavuta droo wanazipanda kama ngazi na kabati linawaangukia. Waya wa feni, soketi, kamba za pazia, dawa ya mbu ya kuchoma, mafuta ya taa, vyote viondoke anapofikia. Kitanda kisikae chini ya dirisha.

Neti nayo, ile ndogo ya mwamvuli haitatosha tena. Tafuta ya pembe nne iliyowekwa dawa, ichomeke chini ya godoro pande zote, na mchana mfundishe kuitoa na kupita. Wangu wa kwanza hatukumfundisha, usiku akajiviringisha ndani yake akalia mtaa mzima ukaamka.

Mlango usimfungie kwa ufunguo, ukitokea moto utatafuta ufunguo gizani. Nilitundika kengele ndogo kwenye kitasa, akitoka nasikia.

Hatua ya 4: anza na usingizi wa mchana

Siku tatu nne alale pale mchana tu, na shuka lake lilelile la zamani au kanga ya mama yake, harufu anaijua. Chini tandika mkeka na blanketi, ataanguka tu.

Hatua ya 5: usiku

Aoge, ale, akojoe, hadithi moja, taa izimwe, muda uleule kila siku. Shirika la Afya Duniani linasema wa mwaka 1 mpaka 2 anahitaji saa 11 mpaka 14 kwa siku ukijumlisha na za mchana, wa miaka 3 na 4 saa 10 mpaka 13, sasa sisi tunakaa nao kwenye tamthilia mpaka saa nne halafu tunashangaa mbona msumbufu.

Akitoka, mshike mkono mrudishe, hakuna stori, hakuna maji ya pili, hakuna kumgombeza. Usiku wa kwanza nilimrudisha binti yangu mara 11, wa pili 6, wa tano hakutoka. Bibi yake alikuwepo, ananiambia baba muache akalale na mama yake kuna ubaya gani, nikamwambia mama nipe wiki moja tu. Ila akiwa anaumwa au umeme umekatika kaogopa, kaa naye mpaka alale, hiyo haiharibu kitu.

Koti ukiitoa kwa jirani kaza boliti zote kwanza, na kama kuna mbao imevunjika ipasue iwe kuni.