Jinsi ya kupunguza sekunde kwenye Wipeout Pulse, hatua kwa hatua

Nina kibanda cha gemu hapa Magomeni, Mtwara mjini. Gemu za mpira ndo zinazolipa umeme ila mapenzi yangu yapo kwenye Wipeout Pulse, gemu la mwaka 2007 la PSP, kile kifaa cha gemu cha mkononi cha Sony, zile mbio za vyombo vinavyoelea juu ya njia bila matairi. Vijana wanaokuja kwangu wengi wametokea kwenye gemu za magari, kwahiyo wanaendesha kama bodaboda, wanasubiri kona ifike ndo wakate, wanagonga ukuta alafu wanasema chombo hakina spidi. Spidi ipo, muda unaupoteza kabla hujaingia kwenye kona, na hapo ndo ntakaa sana.

Hatua ya kwanza, weka kifaa sawa. Kama unachezea simu kwa PPSSPP, programu inayoendesha gemu za PSP kwenye simu, zima ile ya kuruka fremu (frame skip), na simu ikichemka shusha ubora wa picha hadi saizi ya PSP yenyewe, bora picha ya ukungu kuliko gemu linalosita katikati ya kona. Tafuta na pedi, kwasababu L na R, vitufe vya breki za kushoto na kulia, utazigonga sana na kwa joto letu la mwezi wa kumi na mbili kidole kinateleza kwenye kioo.

Hatua ya pili, chombo. Chukua Feisar au Assegai, vyote vinakata kona kirahisi. Mi nacheza Assegai maana ndo timu ya Afrika humo ndani na naipenda kwa hilo, ila ngao yake nyepesi, ukuta haikusamehi. Anza daraja la spidi la chini, Venom, kisha Flash, Rapier, mwisho Phantom, na usipande daraja kama huwezi kumaliza raundi tano mfululizo bila kugusa ukuta. Chagua Speed Lap, mtindo wa kusaka raundi moja ya kasi, uko peke yako, hakuna wa kukupiga kombora.

Hatua ya tatu, kona. Mjomba wangu ni nahodha Mikindani, na mara ya kwanza kuingia nae ghubani kwenye mashua nilishangaa anaanza kupindisha usukani wakati mi naona bado kabisa, mashua inaendelea kwenda mbele kama haijasikia, alafu pole pole pua inakuja inakaa palepale alipotaka. Chombo cha Wipeout ndo hivyohivyo, hakina tairi la kushika chini, ukikata bado kinateleza kule kilikotoka. Kwahiyo kila kona tafuta alama kabla yake, bango, taa, mstari, chochote kisichohama. Ukifika kwenye alama lalia kijiti cha analogi kwanza, pua ianze kugeuka, ndo ugonge breki ya hewa ya upande wa kona, L kwa kushoto, R kwa kulia. Gonga uachie, muda wa kusema "ta", kona ikiwa kali gonga tena. X, kitufe cha kwenda mbele, usiiachie kabisa. Wengi wanaishikilia L toka mwanzo mpaka mwisho wa kona, matokeo yake nyuma inapitiliza, chombo kinakwenda ubavu na spidi inakufa, alafu unahitaji mstari mzima ulionyooka kuirudisha.

Juzi nilimkalisha mpwa wangu kwenye kona moja tu, nikamwonyesha taa ya kugongea breki. Akaniambia "mjomba, mbona bado mbali hivi?" Nikamwambia gonga hivyohivyo. Raundi ya kwanza akaparuza ukuta wa ndani, ya pili vilevile, ya tatu kikapita katikati kimenyooka kama kimevutwa na kamba, na ile kona peke yake ikampa zaidi ya nusu sekunde. Ndo maana nasema fanya kona moja kwa siku, usikimbizane na njia nzima.

Hatua ya nne, kusogea ubavu. Gonga L mara mbili haraka, chombo kinaruka kushoto bila kugeuza pua, R mara mbili kinaenda kulia. Itumie ukishatoka kwenye kona na ukuta unakuja, au kufuata vile vibao vya mishale vinavyokupa spidi. Ila kibao kilichokaa pembeni kikikulazimisha uingie kona inayofuata vibaya kiache, mi ilinichukua miezi kukubali hilo.

Hatua ya tano, msokoto. Ukiwa hewani gonga kijiti kushoto kulia kushoto, au kulia kushoto kulia, haraka, chombo kinajizungusha na ukitua kinapata msukumo. Inakula nguvu za ngao kila mara, kwahiyo hesabu, ukiparuza ukuta ngao ikiwa imeisha umekwisha. Kama mruko ni mfupi nyanyua pua kidogo kabla ya kilele ili upate hewa ya kutosha, kisha ukimaliza kuzunguka shusha pua uwahi chini. Sehemu za sumaku usijaribu, chombo kimegandishwa na njia.

Ya mwisho ni tabo (turbo), ule msukumo wa ghafla wa spidi. Kwenye Speed Lap unapewa moja kila raundi, na watu wanaichoma palepale kwenye mstari wa kuanzia. Kwa kawaida ipige ukiwa umetoka kona nzito au unapanda mlima, mahali ambapo spidi imeshuka. Lakini kinachohesabiwa ni raundi yako moja bora, kwahiyo ukitafuta rekodi toa raundi nzima sadaka, itunze tabo yake mpaka mstari ulionyooka wa mwisho, ichome hapo, uvuke mstari ukiwa umeshashika moto, na hiyo mpya unayopewa uipeleke kwenye ule mlima. Raundi uliyoitoa sadaka itasoma muda mbovu, usibonyeze kuanza upya, endelea.