Tetris: acha kuisubiri fimbo, angalia ukuta wako ulivyo juu

Wengi tukifa kwenye Tetris, ile geimu ya kupanga vipande vinavyoshuka ambapo mstari ukijaa unafutika, tunasingizia spidi. Sio kweli, ukivuta kumbukumbu utakuta ulishaharibu zamani, vipande bado vinashuka kizembe, ukaacha kishimo kimoja ukasema ah ntakiziba baadae. Mi nilijifunzia kwenye kile kigeimu cha betri kilichokuwa kinatangaza kina geimu 9999 (zilikuwa kama kumi hivi zinajirudia) na miaka yote nilikuwa nafanya kosa hilohilo.

Tuelewane majina kwanza. Uwanja ni vyumba 10 kwa upana, 20 kwa urefu. Vipande ni 7, kila kimoja kina vyumba 4: fimbo (vyumba vinne vimenyooka), boksi (viwili kwa viwili), halafu T, L, J, S na Z zilizofanana na herufi zake.

Sasa sikia, kabla hujaachia kipande usiulize tu kinaingia wapi, uliza kikishakaa huku juu patabaki vipi, maana hapo ndo kinachofuata kitakaa. Boksi linataka bapa la vyumba viwili. S na Z ndo wasumbufu, na hapa watu wanadanganyika, wanasawazisha ukuta unakuwa bapa kama meza, wanajisifu, halafu S inakuja na popote utakapoiweka inaacha tundu chini yake. Kwa hiyo acha kila mara kangazi ka chumba kimoja. Ukiwa na vyumba viwili bapa halafu kulia kwake pameinuka kimoja, S inalala hapo bila shida na Z inasimama hapohapo, ngazi moja imewapokea wote wawili. Ikiwa pameinuka upande wa kushoto ni kinyume chake, Z inalala S inasimama.

Kitu kingine ni mfereji mwembamba wa chumba kimoja. Ukiwa na kina cha 2 bado L au J inaweza kuning'inia ukingoni ikaujaza, ila ukifika 3 hakuna kinachoingia zaidi ya fimbo. Mfereji mmoja wa hivyo ni mpango, miwili ni umeshajichongea.

Huo mmoja uweke ukutani kabisa, wengi wanapenda kulia, jenga zile safu 9 nyingine na upande wa mbali na mfereji uwe juu kidogo. Fimbo ikitua unafuta mistari 4 kwa mpigo na hapo ndo kwenye pointi, kwenye ile ya zamani ya Nintendo levo ya mwanzo mstari mmoja ni pointi 40 lakini minne kwa pamoja ni 1200, yani kufuta mmojammoja mara nne unapata 160 tu, tofauti ya ajabu.

Ila tamaa nayo inaua. Ukuta ukishapita nusu ya uwanja na fimbo haionekani, sahau hizo 1200, ziba mfereji kwa chochote, futa mmoja au miwili, shuka chini upumue. Kwenye matoleo mapya vipande 7 vyote vinatoka kwanza ndo vinachanganywa upya, kwa hiyo kati ya fimbo na fimbo hapapiti vipande zaidi ya 12, unaweza kuhesabu. Kwenye vile vigeimu vya zamani usihesabu kitu, utasubiri mpaka uzeeke.

Tundu likishatokea usilirundikie. Angalia mstari ulioliziba, huo ndo wa kufuta kwanza, hata kama ni pointi kiduchu. Na kama geimu yako ina sehemu ya kuhifadhi kipande, weka fimbo humo, sio S iliyokukera, manake ukiitoa baadae bado itakukera.

Vidole vya haraka vina siku yake, yule dogo wa Oklahoma, Willis Gibson, Desemba 2023 akiwa na miaka 13 alicheza ile ya Nintendo mpaka geimu yenyewe ikaganda levo ya 157. Wewe bado. Cheza spidi ya chini kabisa na jiwekee sheria: tundu la kwanza tu, unaanza upya. Siku ya kwanza utachukia, nilikuwa naanza upya kabla hata sijafika kipande cha 20, mara nyingi ni ile S ya mwanzoni kabisa.