Kuchagua na Kutumia Lenzi ya Kale ya Dagor

Anayepanda milimani na kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5 anahitaji lenzi nyepesi inayotoa duara la picha (eneo la mviringo ambalo lenzi huangazia) pana kuliko filamu yenyewe, kwa sababu bila nafasi hiyo hataweza kuinua wala kusogeza ubao unaoshika lenzi pasipo pembe za picha kuingia giza. Kwa maoni yangu, Dagor ya milimita 210, yenye muundo uliobuniwa na Emil von Höegh na kutengenezwa na kampuni ya Goerz ya Berlin kuanzia miaka ya 1890, bado inastahili kutafutwa. Vioo vyake sita vimegandishwa vitatu vitatu, hivyo nyuso zinazogusa hewa ni nne tu, na hata isipopakwa utando wa kuzuia mng'ao hutoa weusi uliokolea.

Kabla ya kununua, mulika tochi kutoka nyuma ya lenzi. Mikwaruzo midogo ya mbele isikutishe. Kinachotisha ni kuvu iliyokula kioo na gundi iliyoachana ukingoni. Kisha fyatua shata (kifaa kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga) kwa sekunde moja mara kadhaa, maana mafuta yaliyoganda hujidhihirisha kwanza kwenye kasi za polepole.

Fokasi ya Dagor, yaani mahali picha inapokuwa kali, huhama kidogo tundu la kupitishia mwanga linapopunguzwa. Kwa hiyo weka fokasi kwanza tundu likiwa wazi, lipunguze hadi f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo), ukague tena picha kwa kikuzaji chini ya kitambaa cheusi na kurekebisha, ndipo upige kwa f/22.